Daftari la Jua la Mjomba Nzau

Kila siku saa tatu asubuhi, wenzake wakinywa chai, mjomba wangu Nzau alitoka nje ya ghala la mkonge alikokuwa karani wa mizani, hapa Thika, akiwa na kipande cha kioo alichokipaka masizi ya koroboi. Alifumba jicho la kushoto, akalitazama jua kwa la kulia, kisha akaandika katika daftari: doa moja, madoa mawili, hakuna, au wingu. Alianza mwaka 1936.

Hakuna aliyemfundisha kile ambacho kurasa zilikuja kumwonyesha: kwamba madoa ya jua hujaa na kupungua kwa zamu ya miaka kama kumi. Mwaka 1937 madoa yalikuwa mengi, 1944 yalikuwa yamepotea, 1947 yakajaa tena, 1954 kurasa zikawa karibu tupu. Kufika Desemba 1957 haikuwepo siku ya jua isiyo na doa. Mwalimu Wainaina, jirani yetu, alikuwa ameahidi kulipeleka daftari kwa wataalamu Nairobi waliokuwa wakikusanya kumbukumbu za jua. Mjomba alikuwa amekwisha kulijalidi kwa gunia.

"Wanaume wengine wanahesabu mbuzi," mkewe, Ndunge, alimtania. "Wangu anahesabu chunusi za jua."

"Mbuzi wanakufa, mama. Jua liko."

Kisha tarakimu za mizani zikaanza kumpotea. Alikwenda Ruiru, kwenye zahanati, na dresa, mhudumu aliyetibu wagonjwa hapo, akamuuliza kama alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma.

"La. Natazama jua."

"Jua? Mzee, hata kuku hafanyi hivyo! Jicho la kulia limeungua katikati, na halitapona. Usitazame tena."

Mjomba alirudi nyumbani na hakula. Aliniita mimi, niliyekuwa likizoni kutoka Makerere.

"Nikitazama ukuta naona doa," alisema. "Nikitazama uso wako naona doa. Sasa madoa ya daftarini ni ya jua au ni yangu?"

Tukakubaliana. Yeye angeandika kama kawaida, ingawa Ndunge alilia na kutishia kukivunja kile kioo. Mimi, saa ile ile, ningefunga jiko liwe giza, niache mwanga upite katika tundu dogo la dirisha na kuangukia karatasi nyeupe ukutani, nihesabu madoa hapo. Hakuna ambaye angemwonyesha mwenzake.

Baada ya asubuhi kumi na mbili zisizo na wingu tulizilinganisha karatasi. Mimi niliona madoa siku saba. Yeye aliyaona siku zote kumi na mbili.

Alirudisha kurasa nyuma, pua ikikaribia kugusa karatasi, akitafuta neno "hakuna" la mwisho. Lilikuwa la Machi 1956. Tangu hapo jua lilikuwa likizidisha madoa, na jicho nalo likiharibika, na hakuna hesabu ambayo ingeyatenganisha.

Nikamuuliza, "Mjomba, bado utampa mwalimu daftari?"

"Nitampa. Lakini kwenye Machi hiyo nitaandika: kuanzia hapa, msiyaamini macho yangu."