Vigingi Vilivyoota Majani Buhembe

Udongo wa Buhembe, hapa Bukoba, haujui kukataa kitu. Ukichomeka fimbo yako ya kutembelea nje ya nyumba ya mtu ukaingia kusalimia, ukitoka unakuta watoto wanacheza kwenye kivuli chake. Anayebisha aende kwa Alistidia akaonyeshwe fimbo ya marehemu mumewe. Mpaka leo inazaa maparachichi. Karugendo naye amezaliwa Kamachumu, kule Muleba, juu ya udongo wa namna hiyohiyo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kusahau. Lakini alisahau, na nusura kazi imponyoke.

Alikuwa mtu mpole, mrefu kupita kiasi. Mvua ikija Bukoba yeye analowa kwanza, wengine wanapata nafasi ya kukimbilia barazani. Alisomea mipango miji Dar es Salaam, akafanya kazi hukohuko mpaka joto likamchosha, na chuo kikuu kipya kilipofunguliwa kilimani Buhembe akaja kuwa afisa mipango wake. Chuo chenyewe kilikuwa bado kichanga: jengo la utawala, madarasa mawili matatu, na nyasi. Vingine vyote vilikaa kwenye karatasi ya Karugendo. Maktaba hapa, bweni pale, ukumbi wa mihadhara kule juu penye upepo. Aliipenda karatasi ile kama mzazi anavyompenda mtoto ambaye bado hajaanza kujibu.

Tatizo ni kwamba alikuwa kwenye muda wa majaribio. Ijumaa baraza la chuo lingekuja kuutembelea mpango huo kwa miguu, kigingi hadi kigingi. Wakiridhika, anathibitishwa kazini. Wasiporidhika, mpango unapewa kampuni ya mbali, naye anarudi kwenye joto lake.

Kosa alilifanya mapema, mwanzo wa masika. Nondo za vigingi alikuwa ameziagiza dukani kwa Jayesh, mtaa wa Bakoba, nazo zikachelewa. Karugendo hakungoja. Alikwenda kwenye ua wa jirani, akakata matawi yaliyonyooka, akachonga ncha, akayapigilia chini kila kona ya maktaba na ya bweni. Matawi yalikuwa ya mulamula. Mhaya akiambiwa aweke alama ardhini, mkono hauulizi kichwa; unakwenda wenyewe kwenye mulamula, mti wa mipaka ya baba na babu.

Mvua zikanyesha. Mafundi wakachimba mashimo ya kupima udongo, na pale pa maktaba wakakutana na maji, maana chemchemi ya Buhembe inapita chini yake. Vitabu haviwezi kukaa na miguu majini. Maktaba ikabidi ipande juu, isukume bweni pembeni. Kwenye karatasi Karugendo alifuta, akachora upya, akanywa chai. Akatoka na vibarua kwenda kuhamisha vigingi.

Vilikuwa vimeota majani. Kimoja, wanasema, kilikuwa na kiota, na ndege aliyekuwemo alikuwa analalia mayai ya pili.

"Riyadhi, ng'oa hicho," Karugendo alimwambia kiongozi wa vibarua.

Riyadhi akalaza jembe chini polepole. "Afisa, hiyo ni mulamula."

"Ni kigingi."

"Kilikuwa kigingi. Sasa ni mulamula. Mimi nina watoto."

"Nimekipigilia mwenyewe kwa nyundo!"

"Basi king'oe mwenyewe, waitu. Sisi tunakutazama."

Karugendo akainama, akakishika. Hapo akamwona baba yake kule Kamachumu, mzee aliyekuwa akiizungusha hata kamba ya mbuzi isije ikaigusa mulamula ya mpaka. Ang'oaye mpaka anang'oa ukoo wake. Hayo aliyanyonya na maziwa. Mkono ukaachia. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na siku hiyo alikuwa amevaa gambuti.

Akamwita mkuu wa chuo, Profesa Gaudiosa, bingwa wa fizikia, mwanamke asiyeogopa hata radi za Bukoba. Profesa akaja kwa hasira, akakunja mikono ya gauni, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha kama aliyegusa chungu cha moto.

"Karugendo, mimi nimezaliwa wapi?"

"Kitendaguro, Profesa, hapahapa Bukoba."

"Sasa kwa nini unaniita?"

Wakati huohuo pikapu ya Jayesh ikapanda kilima na zile nondo, zikiwa zimechelewa msimu mzima. Riyadhi akafurahi. "Huyu ndiye! Jayesh, njoo ung'oe hivi, wewe babu zako hawakuzikwa hapa."

"Babu yangu kapandiwa mulamula ya mpaka nyuma ya duka kabla baba yako hajaoa," Jayesh akasema bila kuzima gari. "Shusha nondo zako, niende."

Muda wote huo Alistidia alikuwa amesimama katikati ya mibuni yake, kibanja chake kikiwa kimepakana na chuo, anatafuna kahawa na kufaidi. Kahawa ilipomwishia akavuka.

"Karugendo mwanangu, umesoma mpaka umesahau? Mpaka haung'olewi. Unahamishwa. Wenye mpaka wanakaa, wanakubaliana, wanakunywa, wanashika mti pamoja. Wenye mpaka huu ni nani?"

"Maktaba upande huu, Ma, na bweni upande ule."

"Waite."

"Ni majengo, Ma! Tena hayajajengwa."

"Basi watafutie wasemaji. Bweni nitalisemea mimi. Wajukuu niliowalaza hata chuo chenu hakitawafikia."

Profesa Gaudiosa akamtazama Karugendo, Karugendo akatazama gambuti zake. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Alhamisi mchana wakakaa kwenye nyasi, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati, mrija ukizunguka. Profesa alikaa upande wa maktaba, amevaa miwani ya kusomea.

"Maktaba ina shida," akaanza. "Miguu yake inalowa. Inaliomba bweni lisogee."

"Bweni limesikia," akajibu Alistidia, mikono kiunoni. "Ila bweni linauliza: kwenye hiyo karatasi yenu, njia ya wanawake ya kwenda chemchemi iko wapi?"

Karugendo alijua iko wapi. Alikuwa ameifuta, akaweka maegesho ya magari.

"Bweni halisogei," Alistidia akasema, "mpaka tupite katikati na ndoo zetu, kiangazi na masika."

"Magari yataegeshwa wapi?" Profesa akauliza.

"Yana magurudumu. Yaende mbali."

Riyadhi akacheka mpaka rubisi ikamtoka puani. Profesa Gaudiosa akavuta mrija muda mrefu, kama mtu anayepiga hesabu ndani ya kibuyu. "Maktaba imekubali," akasema. "Karugendo, chora."

Akachora pale pale, karatasi juu ya goti. Kisha Profesa na Alistidia wakashika kila mulamula pamoja, mkono juu ya mkono, wakaichimbua na udongo wake, wakaipanda mahali papya. Yule ndege hakuruka. Alihama na nyumba yake.

Ijumaa wajumbe wakapita kigingi hadi kigingi, kwa njia ya chemchemi iliyokaa katikati ya maktaba na bweni, wakipishana na wanawake wenye ndoo. Mjumbe mmoja, mgeni, akauliza mbona vigingi vina majani.

"Mpango wa chuo kichanga, mheshimiwa," Karugendo akajibu. "Unakua."

Wakamthibitisha. Na tangu hapo ramani ya chuo kile haijabadilishwa ovyo. Kila afisa anayetaka kusogeza jengo, Karugendo humpa kibuyu kitupu akakijaze rubisi na kumwelekeza kwa Alistidia, na wengi wakifika mibunini wanakuta jengo lao lilikuwa sawa palepale lilipokuwa.