Anaandika vicheko vya Bunge, anatafuta wawili wa kumsemea

Saa mbili na robo asubuhi, mwandishi wa taarifa rasmi za Bunge anavaa vipokea sauti vyake, anakanyaga pedali iliyo chini ya meza, na mbunge mmoja anaanza kufoka ndani ya kichwa chake.

Akikanyaga, sauti inakwenda. Akiachia, inasimama. Vidole vinaandika kila neno lililotamkwa kikaoni, pamoja na yale ambayo msemaji mwenyewe angependa yasahaulike.

Chumba kiko ghorofa ya chini kabisa, hakina dirisha. Kuna meza sita, na kwenye kila meza kuna mtu aliyeziba masikio, anaitikia kwa kichwa maneno ambayo wa pembeni yake hayasikii. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani watu hawa wamenuniana.

"Hatujanuniana," anasema mwandishi huyo, mwanamume wa miaka hamsini na tisa mwenye kipara kinachong'aa. "Ila siku nzima inaweza kupita na neno pekee ulilomwambia mwenzako ni 'naomba hiyo chaja'."

Wenzake wanamwita Mzee Kicheko. Si kwamba anacheka sana. Wanaomfahamu hapo kazini wanasema hawakumbuki kuyaona meno yake yote. Jina limetokana na mabano. Katika taarifa rasmi, ukumbi ukicheka, mwandishi anaweka neno "Kicheko" ndani ya mabano. Ukipiga makofi, anaweka "Makofi". Mzee huyu hajawahi kuchanganya kimoja na kingine, hata rekodi iwe mbovu kiasi gani.

"Wapo waheshimiwa wanaokohoa kama wanacheka," anaeleza, uso mkavu. "Wapo wanaocheka kama wameumwa na siafu. Ukishawazoea unawajua. Halafu wawili wakicheka, hicho si kicheko, hizo ni tabia zao. Ukumbi ukicheka ndiyo unaandika."

Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba siku akifurahi kweli atasema "fungua mabano".

Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, baada ya kulazwa kwa muda mrefu. Binti yao wa pekee ameolewa mbali, na hupiga simu Jumatano. Siku nyingine sita, simu ya mzee hutumika zaidi kama saa. Nyumba yake ina vyumba viwili na meza moja, na akirudi jioni anawasha redio kwanza ndipo anavua viatu.

"Unajua kinachochosha si ukimya," anasema. "Ukimya nimeuzoea. Kinachochosha ni kukaa siku nzima na sauti za watu masikioni na hakuna hata mmoja anayeongea na wewe."

Wiki chache baada ya mazishi alirudi hospitalini kurudisha kiti cha magurudumu walichoazimwa. Akipita wodi ya watoto, muuguzi aliyekuwa amezidiwa na kazi alimwita bila kumjua: "Mzee wangu, hebu kaa na huyu kidogo." Mtoto alikuwa akilia kwa hofu ya sindano. Mzee akakaa. Hakujua la kufanya, akachukua kitabu cha hadithi kilichokuwa kitandani na kuanza kusoma, na fisi alipofika kwenye kuongea, akampa sauti ya mwenyekiti mmoja wa zamani wa kamati aliyekuwa akiongea kwa puani.

Mtoto akanyamaza. Kisha akacheka. Vitanda vya jirani navyo vikacheka.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alikuwa wodini. Kobe alipewa sauti ya waziri anayevuta maneno, chura akapewa ya mbunge asiyekubali muda wake umekwisha. Kwa miaka mitatu watoto wale walisikiliza Bunge zima bila kujua.

"Walikuwa wanacheka mpaka mishono inauma," anasema muuguzi mkuu wa wodi hiyo. "Ikabidi nimwambie, baba, hawa wamefanyiwa upasuaji, punguza kidogo. Akasema sawa, leo nitamleta katibu, huyo hachekeshi."

Kisha likaja agizo. Mahali fulani mtu aliyejiita mfanyakazi wa kujitolea alikuwa amewadhuru watoto, na serikali ikaamuru kwamba kila anayejitolea karibu na watoto asimame mpaka achunguzwe upya. Alama za vidole, taarifa za polisi, na wadhamini wawili.

Mzee hana kinyongo na agizo hilo.

"Lisemwe vizuri hilo," anasisitiza, akinyoosha kidole kwenye kalamu ya mwandishi wa makala haya. "Agizo ni zuri. Mama akimwacha mtoto wodini anatakiwa alale. Mimi nisingetaka mtu asiyejulikana akae na mjukuu wangu."

Alama za vidole zilipita. Polisi hawakuwa na neno naye. Kilichomkwamisha ni wale wadhamini wawili: wasiwe ndugu, wasiwe watu wa kazini wala wa pale anapojitolea, na wawe wamemfahamu kwa miaka mitano au zaidi.

Alikaa mezani kwake jioni nzima akiwaza. Binti yake alipopiga Jumatano alisema, "Baba, si waniulize mimi? Nani anakujua kunishinda?" Ikabidi amweleze kwamba damu haihesabiki.

Mwishowe aliandika kinyozi wake, anayemnyoa kwa miaka kumi na moja, na rafiki mmoja wa marehemu mkewe. Baada ya miezi miwili akapata jibu. Namba ya yule rafiki haipatikani, amehama, hakuaga. Na kinyozi, alipopigiwa simu na kutajiwa majina matatu ya mzee, alijibu kwamba mtu huyo hamjui.

Jibu lenyewe lilikuwa la maneno mawili: Mwombaji hafahamiki.

"Nimeandika maneno mengi makali humu ndani," anasema, akipapasa pedali kwa ncha ya kiatu. "Matusi nimeandika, hadi spika akaagiza yafutwe. Lakini hayo mawili yaliniingia."

Ofisi inayofanya uchunguzi haimwonei. Ofisa mmoja aliyezungumza na gazeti hili alisema wao hupiga simu, na mtu asipojulikana hurudisha maombi. Mwombaji anaruhusiwa kujaribu tena mara moja. Akirudishwa mara ya pili, anasubiri mwaka mzima.

Mzee anastaafu mwaka ujao. Baada ya hapo hata zile sauti za masikioni hazitakuwepo. "Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa nimebakiza," anasema, na hapo anatazama pembeni.

Wodini kuna msichana mdogo wa kitanda cha dirishani, mguu wake umetundikwa kwa miezi. Mzee alimwachia hadithi katikati, chura yuko ndani ya mtungi, akamwambia Jumamosi ijayo atatoka. Muuguzi mkuu anasema msichana huyo alimuulizia Jumamosi ya kwanza, na ya pili.

"Sasa hivi haulizi tena," anasema muuguzi.

Mambo yakiwa hivyo, kamati ya Bunge ikawaita maofisa wa serikali waeleze kwa nini uchunguzi wa wanaojitolea unasuasua. Ilielezwa kwamba maombi zaidi ya elfu mbili yamekwama, mengi kwa sababu ya wadhamini. Kikao kilikuwa cha wazi. Rekodi ikakatwa vipande, kila mwandishi akapewa chake, na kwa bahati tu kipande hicho kikaangukia meza ya Mzee Kicheko.

Alikuwa akiandika kama kawaida. Ndipo mbunge mmoja mchangamfu akasimama. Maneno yake yamo kwenye taarifa iliyochapishwa, kila mtu anaweza kuyasoma:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu mzima na ndevu zake anakosa watu wawili wa kumsemea? Huyo si wa kupewa watoto. Huyo hata mbuzi usimwachie!"

Mzee aliachia pedali.

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Hapakuwa na mashaka. Si kukohoa, si wawili wenye tabia zao. Ukumbi wote ulikuwa umeangua kicheko, na maofisa wa serikali nao, walioshukuru kupata pa kupumulia.

"Nilifikiria kuruka," anakiri. "Au niandike makofi. Nani angejua? Lakini walicheka. Kazi yangu si kuandika nilivyotaka wafanye."

Akafungua mabano, akaandika Kicheko, akafunga mabano. Kisha akavua vipokea sauti akaenda kunawa uso.

"Tuna alama ya kicheko," anasema taratibu. "Tuna ya makofi, tuna ya kelele. Hatuna alama ya mtu ambaye hakucheka."

Jumapili iliyofuata alikaa kwenye kiti cha kinyozi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja akaanzisha mazungumzo yeye.

"Kijana wangu, kwa nini ulisema hunijui?"

Kinyozi anasimulia mwenyewe, huku akijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mimi nimejuaje? Mtu kanipigia, sauti ya ofisini, kanitajia majina matatu marefu kama ya balozi. Nikajua hawa ni matapeli, wanatafuta wa kumtumia ujumbe wa kutuma hela. Nikasema simjui, nikakata! Mzee mimi nimemuandika kwenye simu 'Mkuu wa Jumapili'. Hajawahi kuniambia jina, na mimi nikaona aibu kumuuliza baada ya miaka yote hiyo."

Mzee naye hakuwa akijua jina la kinyozi zaidi ya lile la kwenye kibao cha mlangoni. Kumbe hilo ni la mwenye nyumba. Namba ya simu tu ndiyo iliyokuwa ya kinyozi, nayo alikuwa ameinakili kutoka kibao hichohicho.

Kwa mdhamini wa pili, ilimlazimu kugonga mlango wa jirani. Ni mama mshonaji wa nguo, wamepakana ukuta kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo hawajavuka "habari za asubuhi". Mzee alisimama mlangoni akaanza kujieleza kwa lugha ya kikaoni, hadi yule mama akasimamisha cherehani.

"Jirani, ingia kwanza, unaongea kama unasoma taarifa."

Akaingia. Akasema shida yake, na akakiri kwamba anaona haya kuomba kusemewa na mtu ambaye hamjui.

"Wewe ndiye hunijui," mama mshonaji akamjibu. "Mimi nakujua. Huu ukuta ni karatasi. Najua ukirudi unawasha redio kabla hujavua viatu. Najua ule mwaka mkeo alipofariki, jioni ulikuwa unasema 'karibu chakula', halafu kimya. Nilikuwa naacha kushona. Nilitaka kuja kugonga, nikajiuliza, nitasema nini?"

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya vipande vya vitambaa, mpaka chai ikaletwa.

Maombi ya pili yalipelekwa wiki hiyo hiyo.

Ni Ijumaa, saa kumi jioni. Bunge liko mapumzikoni, na mzee hakusubiri Jumapili, yuko kwenye kiti cha kinyozi, povu kichwani. Pembeni ya kioo, chini ya bei za kunyoa, kuna kipande cha boksi kilichoandikwa majina matatu kwa herufi kubwa. Simu ya kinyozi inalia. Anaitazama namba, anaziba mdomo, anawaashiria wateja wanyamaze.

"Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, namfahamu." Anayataja majina matatu, la mwisho analitanguliza, anajisahihisha kwa kukodolea boksi macho. "Miaka kumi na moja. Namnyoa. Hapana, si ndugu yangu. Ni mtu mpole. Tena mpole kupita kiasi."

Anasikiliza. Inaonekana ameulizwa anajuaje kwamba ndiye huyo.

"Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto," anasema kinyozi. "Dogo, limepinda. Nalipita na wembe kila Jumapili."

Simu inakatika. Mzee anapeleka mkono polepole nyuma ya sikio, povu linamchafua vidole. Alianguka akiwa mtoto, mama yake aliwahi kumwambia. Yeye mwenyewe hajawahi kuliona.

"Bado lipo?" anauliza.

"Lipo, mzee wangu. Tulia nisije nikakukata."

Sasa amebaki mmoja. Ofisi imeahidi kumpigia mama mshonaji kabla ya wiki ijayo kwisha. Mwandishi wa makala haya anamsindikiza mzee mpaka nyumbani. Mzee anafungua mlango, anavua viatu kwanza, na redio haiwashi. Anachukua kiti kutoka mezani, anakiegemeza kwenye ukuta wa jirani. Upande wa pili cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda.

Chura bado yuko ndani ya mtungi, anasema, na amekwishachagua sauti ya kumtoa nayo. Lakini hilo ni la Jumamosi atakayoruhusiwa kurudi. Kwanza simu ilie kwa jirani.

"Miaka yote hii nasikiliza watu wakisema juu ya watu wengine," anasema, akilaza sikio la kushoto ukutani. "Hii nataka niisikie mwenyewe."