Siku Niliyougua Kiharusi cha Uji

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana hapa Mlowo kila mtu ana toleo lake, na katika matoleo mengine mimi nilishazikwa. Yule mwanamume aliyepakiwa kwenye guta la kabichi mbele ya soko zima, uji ukimchuruzika kidevuni na kichwa kimelala mapajani mwa mama mkwe wake, ni mimi. Mimi Obedi. Si pacha wangu, wala si mtu tuliyefanana naye, kama nilivyojaribu kumwambia muuza vocha mmoja wiki iliyofuata (akacheka mpaka akaangusha simu ya mteja).

Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani. Tuko wachache, kiongozi wetu ni Sista Eliza, nesi mstaafu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tunaogesha wagonjwa, tunawageuza wasipate vidonda vya mgongo, tunawanyoosha viungo, tunapima presha, tunawafundisha ndugu zao. Mgonjwa wangu wa kila asubuhi ni Mzee Nzunda, mkulima wa kahawa aliyepigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Mkono umerudi kidogo, mguu nao unakubali ukibembelezwa, lakini tulipompelekea fremu ya chuma ya kutembelea akagoma kabisa kuvuka nayo geti la nyumba yake. Ndani ya uwanja anazunguka nayo vizuri tu, akifika getini anageuka.

"Obedi," alikuwa akiniambia, "mimi watu wananijua. Siwezi kupita barabarani nasukuma kitanda."

Basi mara moja moja Sista Eliza hutukusanya tunakwenda kutoa elimu ya afya kule watu waliko, na siku hiyo ilikuwa zamu ya soko, somo ni kiharusi. Tulifika mapema, tukafunga turubai, tukapanga meza na mashine za presha, tukakodi spika na jenereta. Mpango ulikuwa mwepesi kabisa: Sista angeeleza dalili, halafu angewatangazia watu kwamba mimi ni mhudumu na nitaigiza, mimi nipinde mdomo kidogo, nilegeze mkono, nikae chini, basi, watu wapige makofi, waje wapime presha.

Sasa shida yangu mimi ni kwamba kanisani niliwahi kuigiza maiti kwenye igizo la Pasaka, na akina mama wawili wakalia kweli. Tangu siku hiyo nina kichwa kikubwa. Nikiwa kwa mama lishe nakunywa uji wa ulezi nikisubiri zamu yangu, nikajiwazia, hivi kupinda mdomo tu inatosha? Mgonjwa wa kweli mate humtoka. Nikaona nitie chumvi kidogo. Nikabugia uji mdomo mzima, sikuumeza, nikarudi kwenye kiti changu pale mbele nimevimba mashavu kama mpiga tarumbeta. Uamuzi wenyewe ndio huo. Mengine yote yaliyonipata yalianzia kwenye huo uji.

Sista Eliza siku hiyo alifundisha, tena alifundisha haswa. Watu walikuwa wengi, wauza mahindi, wanunuzi wa kahawa, madereva wa malori waliokuwa njiani kwenda Tunduma wakasimama na chapati zao mkononi. "Ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno yanakwama, hicho ni kiharusi! Msimpe maji! Msimpe chakula! Tazameni saa, mjue kimeanza saa ngapi! Mlazeni ubavu, mkimbizeni kituo cha afya!" Halafu akaongeza lile neno ambalo nikilikumbuka hadi leo masikio yanawaka moto: "Na mgonjwa mwenyewe anaweza kuwaambia yuko sawa. Msimsikilize! Mkibishana naye mnapoteza muda, na muda ndio ubongo wake!"

Watu wakaitikia. Kisha nikamsikia anasema, "Sasa, ndugu zangu, mwenzetu huyu hapa ata—"

Spika ikakata. Jenereta lilikuwa limezimika. Sista akaweka kipaza sauti mezani, akaenda nyuma ya turubai na wenzetu wote kuvuta kamba ya jenereta na kumgombeza aliyetukodishia, na mimi (hapa mnisamehe) nilishasikia "mwenzetu huyu hapa", nikajua zamu yangu imefika. Nikapinda mdomo. Nikaachia uji kidogo utoke pembeni. Nikalegeza mkono, nikateleza taratibu kutoka kwenye kiti mpaka chini, nikageuza macho juu. Nawaambieni niliigiza vizuri, sijawahi kuigiza vile maishani mwangu.

Soko likanyamaza. Mimi nikafurahi moyoni, nikajisemea wamekolea hawa. Ndipo nikasikia kutoka nyuma ya umati sauti ninayoijua: "Mayooo! Mkwe wangu!"

Mama mkwe wangu anaishi Nanyala. Hakuniambia kwamba siku hiyo analeta maharage sokoni, na kwa nini aniambie, sisi huwa hatuongei hivyo. Kwetu mkwe na mama mkwe mnaheshimiana kwa umbali: akipita njia hii nami napita ile, tukisalimiana kila mmoja anatazama kando, na tangu nimuoe binti yake, mwaka wa tisa huu, sikuwahi hata kumshika mkono. Basi mama huyo mstahiki akatupa maharage yake chini, akapasua watu, akanirukia, akaninyanyua kichwa na kukipakata mapajani mwake.

Nilishtuka kiasi kwamba uji wote uliobaki ukaniingia njia ya hewa.

Nikakohoa. Uji ukatoka puani. Machozi yakanitoka, macho yakawa mekundu, nikajaribu kusema "mama, naigiza", ikatoka "ma, nai, ghaa". Watu wakapiga kelele: "Maneno yanakwama! Hajakosea yule nesi!" Mwingine akasema, "Povu hilo, oneni povu!" Mama mmoja muuza nyanya akachukua simu yake akatangaza kama karani, "Saa nne na robo! Jamani tukumbuke, kimeanza saa nne na robo!" Mtu akaleta kikombe cha maji, watu kama kumi wakamfokea kwa pamoja, "Usimpe maji!" Wakanilaza ubavu vizuri kabisa, vile vile tunavyofundisha, na lilipopita guta la pikipiki limebeba kabichi wakalisimamisha, wakanipakia juu ya kabichi, mama mkwe akapanda, akanipakata tena. Sista na wenzetu walipotokea nyuma ya turubai, guta lilishaondoka.

Njiani koo likafunguka. Nikasema vizuri tu, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, mimi ni mzima, ule ulikuwa uji."

Akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau, akamgeukia mwenye guta. "Kimbiza, baba! Ameshaanza kusema yuko sawa!"

Nikajaribu kuinuka, akanikandamiza kifua. (Ni mama wa jembe yule, msidhani ana mikono ya kubembeleza.) Na wakati wote huo alikuwa anasali na kulia, "Bwana, usimchukue huyu, huyu ni mtoto mzuri, anamtunza binti yangu." Nikaacha kujitetea. Miaka tisa nilikuwa najiuliza kama mama huyu ananipenda au ananivumilia tu, na jibu nikalipata nimelala juu ya kabichi.

Kwenye kituo cha afya daktari alikuwa kijana, na kwa bahati mbaya ananifahamu, maana huwa nampelekea wagonjwa. Mama mkwe alipotolewa nje nikamweleza yote haraka haraka. Akacheka, akafuta macho, akacheka tena, kisha akasema, "Haya kaka Obedi, maadam umefika, leta mkono nipime."

Akapima. Akaacha kucheka. Akaikazia macho ile mashine, akafungua mkanda, akaufunga mkono wa pili, akapima tena. Namba ya juu ilikuwa mia moja themanini na kitu.

"Ni mshtuko huo," nikamwambia. "Ungepakatwa na mama mkwe wako hata wewe ingepanda."

"Inawezekana," akasema. "Lala hapo, tutapima tena ukishatulia."

Nikalala. Akapima tena baadaye, ikawa imeshuka kidogo tu, bado iko juu. Akavuta kiti, akakaa. "Kaka, mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini?"

Ndugu zangu, ile aibu ya sokoni haikufika nusu ya hii. Mimi natembea na mashine ya presha begani kila siku ya Mungu. Nimepima wazee, wajawazito, wachungaji, hata dereva mmoja wa lori wa Zambia aliyekuwa anasubiri foleni ya mpaka. Mkono wangu mwenyewe sikuwahi kuufunga. Kichwa kilikuwa kinaniuma kila jioni kwa miezi, nikawa nasema ni jua. Baba yangu mzazi alianguka shambani hivyo hivyo, hakuamka, nami nikawa sitaki kuiona ile namba, basi. Nilimwambia daktari hivyo hivyo. Hakunihubiria. Akaandika vipimo, akaandika dawa, akaniambia nirudi baada ya wiki moja, na niache kula chumvi mbichi. Na mimi ndiye niliyewanyang'anya wazee wa mtaa mzima vikopo vyao vya chumvi!

Kumbe wakati mimi nashikwa na hayo, habari zilikuwa zinakimbia. Mama mkwe alipiga simu moja tu, kwa kaka yangu aliyeko Galula, akamwambia nimeanguka. Kutoka hapo simu zikapigiana zenyewe. Niliporudi nyumbani mchana na Sista Eliza (aliyekuja kunichukua amenuna, ila bega lake linatikisika kwa kicheko), nikakuta majiko matatu yamewashwa uwanjani, viti vya kanisani vimeshushwa, na kaka yangu ndiyo kwanza anafika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, mchele wa msiba umefungwa nyuma. Alinitazama, akautazama mchele, akasema, "Sasa mbona umesimama?"

Mke wangu, ambaye Sista alishampigia simu tukiwa njiani, alitoka ndani mbio. Nilidhani atanikumbatia. Akanizaba kibao cha begani, kisha ndipo akanikumbatia, na akalia pale pale mbele ya watu. "Baba Faraja, uji? Uji kweli?" Nikamnong'oneza kuhusu ile namba ya daktari, nikahisi mikono yake inanibana zaidi.

Ndipo watu wakaanza kutazama barabarani. Nami nikatazama. Alikuwa Mzee Nzunda. Anakuja na ile fremu, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, koti la suti juu ya kanzu ya kulalia, jasho linamtiririka, nyuma yake binti yake anamsihi akae kwenye kiti na yeye anamkatalia kwa kichwa. Kutoka kwake hadi kwangu ni kipande kirefu, tena kinapita mbele ya vilabu na maduka yote. Watu wote waliomjua walimwona. Nikakimbia kumpokea. Aliponiona akasimama, akanikagua kuanzia miguuni.

"Waliniambia umekufa," akasema, na mdomo wake ule mzito.

"Sijafa, Mzee. Nisamehe."

"Nilikuja kukuzika." Akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mjinga wewe. Nipe kiti."

Nikampa kiti. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, hakuna aliyekubali kitupwe, kwa hiyo tukala wali wa msiba wangu mimi nikiwa nimekaa katikati. Mama mkwe alikaa mbali kabisa upande wa wanawake, ametazama ukuta, na wiki ile ile nilipeleka kuku Nanyala kuomba radhi kwa yale ya kupakatana. Alimpokea yule kuku. Mpaka leo tukisalimiana tunatazama kando kama zamani, ila sasa kila mmoja anang'ata mdomo asicheke. Sista Eliza naye anasema halijawahi kuwapo somo lililoeleweka kama lile, kwa sababu soko zima lilifuata kila alichofundisha bila kukosea hata kimoja, na kesho yake tulipofunga tena turubai pale sokoni, foleni ya kupima presha ililizunguka.

Mimi dawa nameza kila siku asubuhi, mke wangu akinisimamia kama mtihani. Presha imeshuka. Na nimeapa, tena nimeapa mbele ya wakwe, kwamba sitaigiza mgonjwa tena maadam niko hai, iwe kanisani, iwe sokoni, iwe nyumbani wakati wa zamu ya kuchota maji. Mwezi ujao tunapeleka elimu ya kiharusi Tunduma, na Sista tayari ameuliza nani atakuwa mgonjwa. Nilitazama chini. Mimi nimeomba kazi ya kulinda jenereta.