Meli ya Kelele

Binti yangu alinipigia simu Jumapili, nimetoka misa, niko uani nachambua maharage. Akaniambia nichague meli. Nikamuuliza meli ya nini, mimi mkulima wa Mugoma, huku Ngara, ambaye hata ziwa nimeliona mara moja tu. Akacheka kwanza. Yeye ni muuguzi, anafanya kazi nje ya nchi, na amejifunza huko kucheka kabla ya kueleza.

Akaeleza taratibu. Mwakani mimi na baba yake tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Hataki kutununulia ng'ombe wala godoro. Anataka tutembee baharini siku saba kwenye meli kubwa, ya starehe, ambayo watu wanakula humo na kulala humo, kisha asubuhi wanaamkia mji mwingine. Alikuwa ameshachuja zikabaki mbili, akanitumia picha zake. Ya kwanza ilikuwa ya watu watulivu: maktaba, viti vya kuegemea, chakula cha jioni mapema, na ikifika saa tatu kila mtu yuko chumbani kwake. Ya pili ilikuwa na bendi kila usiku, ukumbi wa kucheza, wachekeshaji, michezo, na watu wa makamo kama sisi wamevaa mashati ya maua, midomo wazi kwa kicheko. Mwezi ukiisha alitaka jibu.

Mimi nilichagua hapo hapo, maharage mkononi. Ya pili.

Nieleweke vizuri. Mimi sijaachwa, wala si mjane. Mume ninaye, tena wa ndoa ya kanisani. Ila ni karani wa masijala katika ofisi moja Biharamulo, na amekaa huko miaka kumi na saba. Huja nyumbani mwisho wa mwezi, mara nyingine katikati ya mwezi kama kuna msiba. Mwanzoni tulisema ni kwa muda, atahamishiwa Ngara. Tukaacha kusema. Watoto wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, na jioni zikabaki zangu peke yangu. Nafunga mbuzi, napika kidogo, nakula, nafungulia redio nikiwa sisikilizi. Kisha nalala, na si kwa usingizi. Nalala kwa sababu sina wa kukaa naye macho.

Simu ilikuwepo, siwezi kudanganya. Kila siku saa moja jioni nampigia, namweleza mambo ya siku hiyo, nani kaugua, nani kagombana na nani, kahawa imekaukaje. Yeye hujibu "eeh". Nikimaliza husema, "Haya, mama, lala salama." Dakika tano, sita zikizidi. Nilishazoea kujiona kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Basi nilipompigia kumweleza ya meli, akasema mtoto achukue ile ya kwanza.

"Ya wagonjwa hiyo," nikamwambia.

"Ya watu wazima. Usiku ni wa kulala, mama."

"Kulala nimelala, baba. Nimelala miaka kumi na saba."

Kisha akasema, "Mimi si mtu wa makelele. Wewe si unanijua?"

Nikasema namjua. Na niliamini hivyo. Akiwa nyumbani hutengeneza ua, huenda misa, hula, hulala, na ukimuuliza habari za Biharamulo anakwambia ni nzuri. Nilichotaka kwenye ile meli si kucheza, mgongo wenyewe huu. Nilitaka jioni saba za kukaa na mume wangu mahali ambapo kelele za watu zingemwamsha kidogo, aniangalie, aseme neno.

Kwa ajili ya pasi za kusafiria ilibidi twende Bukoba pamoja. Tukakubaliana nitangulie Biharamulo nilale kwake, kesho yake tupande gari moja. Biharamulo nilikuwa nimefika mara tatu tu, mara moja akiwa amelazwa hospitali, na zote nilikwenda asubuhi nikarudi jioni kwa sababu ya mifugo. Safari hii jirani yangu alikubali kunifungia mbuzi.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu, watu ambao babu zao walitoka pwani wakaja kufanya biashara. Kitanda kimoja, meza, shati la kazi msumarini. Nikapanguza meza ingawa haikuwa na vumbi. Aliporudi kazini tukasalimiana vizuri, akaniuliza safari, nikamwambia nzuri. Giza lilipoanza kuingia akasema anatoka kidogo hapo mbele, na mimi niende ndani kwa bibi mwenye nyumba, ananisubiri.

Nilimkuta bibi kwenye mkeka, mtu mzima wa miaka sabini na ushee, kanga mbili, anakuna nazi ya wali wa kesho. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kumbe ndiye wewe."

Sikuelewa kumbe ndiye mimi nani, ila nikakaa. Kati yetu na barazani palikuwa na pazia tu. Kwao wanaume hukaa nje na wanawake ndani, na hakuna anayeona ajabu, neno likisemwa nje linaingia lote. Nikasikia vikombe, nikasikia harufu ya kahawa chungu. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu ikiomba aongezewe. Kahawa. Sisi tunailima tangu wazazi wake, na nyumbani hainywi, anasema inamnyima usingizi.

Wanaume wakaanza kumchokoza. "Haya karani, tupe ya wiki hii." "Leo hana, mkewe kaja." Akajikohoza. Akaanza.

Alisimulia habari ya jogoo wangu. Ni kweli ilitokea. Nilikuwa nimempa jirani jogoo anipelekee mnadani, akaegesha baiskeli yake mbele ya nyumba, akaingia kunywa uji. Mimi nikamfunga jogoo nyuma ya baiskeli. Siku hiyo hiyo katekista naye alikuwa amekuja kuuliza habari za jumuiya, na baiskeli zote mbili zilikuwa nyeusi. Katekista akatoka, akamkuta jogoo kwenye kiti chake cha nyuma. Akainua mikono, akaibariki nyumba yangu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akaniombea wingi wa kuku na uzao, akaondoka naye kuelekea Kanazi. Nami nilisimama mlangoni, namwangalia. Utamwambiaje mtu akurudishie jogoo akiwa ameshakubariki?

Siku hiyo nilimweleza mume wangu kwa hasira. Akajibu, "Eeh. Pole."

Lakini pale barazani, jamani. Katekista alikuwa na sauti yake. Jogoo alikuwa na sauti yake. Mimi nilikuwa na sauti yangu, na aliipatia, hata ninavyovuta pumzi kabla ya kugomba. Alitia chumvi, ndiyo, alisema nilimkimbiza katekista kwa mwiko, na sikumkimbiza. Ila kila kitu kingine alikuwa nacho: uji ulivyomwagika, jirani alivyouliza jogoo yuko wapi, nilivyokaa nje mpaka jua likazama. Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja akaomba maji.

Kwa hiyo alikuwa akisikiliza. Miaka yote ile ya "eeh", alikuwa akisikiliza neno kwa neno.

Bibi alikuwa amesimamisha mbuzi ya nazi, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Kila jioni," akaniambia. "Akitoka kuzungumza na wewe kwenye simu, anakuja hapa. Sisi televisheni tumeisahau. Hebu niambie, yule jirani yako aliyegombea mpaka wa shamba na mkwewe, walipatana?"

Nikamwambia walipatana. Nilisema kwa kifupi. Naye akangoja niendelee, nikaona usoni mwake kwamba alitegemea mtu mwingine, mwanamke wa kwenye hadithi, mcheshi, mwenye mwiko. Nikajisikia mpweke kuliko siku zote nilizokaa Mugoma na mbuzi. Kule angalau nilikuwa nikiamini kwamba mume wangu pia yuko peke yake.

Nikaona wivu. Naandika hivyo hivyo, wivu. Angekuwa na mwanamke ningejua pa kuanzia. Lakini wivu wa wazee sita na birika la kahawa unaupeleka kwa nani? Kwa paroko?

Tulipobaki wawili chumbani, nikiwa nimekaa kitandani na yeye kwenye kiti akivua viatu, nikamwambia anisimulie habari ya jogoo.

"Ulisikia?"

"Pazia hilo."

"Tunatania tu, mama. Usikasirike."

"Sijakasirika. Nisimulie."

"Si unaijua? Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nisimulie kama ulivyowasimulia wao."

Akajaribu. Mungu ni shahidi, mume wangu alijaribu. Akaweka viatu pembeni, akajikohoza vile vile. "Basi siku hiyo katekista akaja," akasema. "Akaegesha baiskeli. Basi. Akamkuta jogoo." Akaishia hapo. Akaniangalia, mikono juu ya magoti, na nikaona anaona aibu kama kijana aliyeletwa mbele ya wakwe. Nikatabasamu ili kumsaidia, ikawa vibaya zaidi.

"Haichekeshi tukiwa wawili," akasema polepole.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyegundua kitu muda huo huo na hakukipenda. Nikamwambia hakuna neno, kesho tuna safari.

Bukoba tulikwenda, tukapigwa picha, tukaweka alama za vidole, tukarudi. Njiani nikapata wazo nikaliona zuri sana. Kama huyu bwana husema mbele ya watu, basi nimpeleke kwenye watu. Ile meli ya pili ina mamia ya watu, baa, meza za kukaa wengi. Atapata baraza lake. Nami safari hii sitakuwa nyuma ya pazia, nitakaa meza hiyo hiyo, nimsikie na nimwone akisimulia. Nilifurahi peke yangu mpaka Lusahunga. Tulipoachana Biharamulo hakujua nachekea nini, na hakuuliza.

Mwezi ulipoisha alikuja nyumbani, na binti yetu akapiga simu apate jibu. Baba yake alikuwa nje anapiga msumari kwenye ua. Nikamuuliza mtoto kwanza jambo moja: kwenye hiyo meli ya muziki, watu wanaojua Kiswahili ni wengi?

"Kiswahili?" akasema. "Mama, hakuna. Labda mpishi mmoja, na huyo yuko jikoni. Lakini usijali, baba si ndiye mtakayekuwa mnaongea naye?"

Nikakaa juu ya gunia la maharage. Siku saba. Kila mmoja na mtu mmoja tu wa kuongea naye: wangu yeye, na wake mimi. Nilisikia nyundo nje, ikigonga, ikisimama, ikigonga.

"Baba amesema anataka ile ya utulivu," binti akasema. "Nichukue hiyo, ama?"

"Hapana. Chukua ya kelele."

Akafurahi mtoto wa watu, akaniambia kumbe bado u msichana mama yangu, utacheza mpaka viatu viishe. Nikacheka naye. Sikumwambia sababu, na baba yake sijamwambia mpaka leo, pasi zimeshatoka na siku zinakaribia. Kwenye ile meli ya utulivu kila mtu angetuona mezani, mke na mume, tunakula tangu mwanzo mpaka mwisho bila neno. Kwenye hii nyingine, tukinyamaza, watu watadhani ni muziki.