Kapteni Tuckwell Avuka Uwanja

Ambrose Tuckwell alishuka Korfu, kisiwa cha Wagiriki kilichotawaliwa na Waingereza, akiwa luteni wa kikosi chao mwenye miaka ishirini na mitatu, mtoto wa padri wa mashambani Uingereza. Upanga ulimtoka mkononi kwenye gwaride, na farasi walijua kwamba anawaogopa. Lakini mpe gongo la kriketi, umsimamishe mbele ya vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda, utamwona mtu mwingine kabisa. Miguu inatulia, macho yanang'aa, na mpira unaruka hadi kwenye handaki la ngome iliyopakana na uwanja.

Sisi watu wa mji tulikuwa tukitazama tu kando ya uwanja. Siku moja mpira ukatufikia, na Zorzi Kapsokefalos, mwoka mikate, akaurudisha kwa mkono mmoja. Ulikwenda kama risasi, ukang'oa kijiti cha kati. Luteni akaja mbio.

"Nani karusha?"

"Mimi, bwana. Kama nimevunja kitu, mlipishe shemeji yangu, ndiye aliyenileta."

"Kesho alasiri uje. Na shemeji yako umlete."

Basi tukaanza. Alitufundisha kwa Kigiriki cha kuchekesha, akichanganya maneno ya kanisani na matusi ya bandarini, maana ndiko alikookota lugha. Tulimwita Sior Ambrozi, yaani Bwana Ambrozi. Alikula kwetu, akanywa tangawizi yetu, na kila Jumapili akampita Marieta, dada yake Zorzi, akimwamkia kwa upole hadi mtaa mzima ukajua.

Miaka ikapita, akawa kapteni. Ndipo tukaomba mechi na kikosi. Asubuhi ya siku yenyewe mchezaji wetu mmoja akaamka na homa, na Papa Lavrentis, padri wetu, alikuwa ameshaingizwa kujaza nafasi nyingine. Tulikuwa kumi, na timu ni watu kumi na mmoja. Kapteni akatutazama, akavuka uwanja, akasimama mbele ya kanali wake.

"Naomba kuchezea upande wa mji, bwana."

Kanali alikuwa mtu wa maneno machache. "Nenda. Ila ukitushinda, usije kula kwenye meza yangu."

"Nimekuelewa, bwana."

Askari walitangulia kupiga, wakakusanya mikimbio mingi, maana kila ukikimbia toka vijiti hadi vijiti unapata pointi. Zamu yetu ilipofika tuliporomoka, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilitoka bila hata mkimbio mmoja, na mke wangu akanipokea: "Umerudi mapema, mume wangu. Ulisahau kitu nyumbani?" Lakini Kapteni alisimama, na Zorzi upande wa pili, na wale wawili wakaanza kuwakimbiza askari jua zima. Watu walijaa madirishani. Wanawake waliacha masufuria yakiungua. Ikabaki mikimbio mitatu tu tushinde.

Mpira uliofuata ukapita karibu mno na gongo, ukadakwa nyuma. Askari wakapaza sauti kwamba umegusa gongo, na mpigaji akidakwa hivyo hutoka. Mwamuzi, fundi saa wa mtaani kwetu, akatikisa kichwa: hakusikia kitu, mpigaji aendelee. Tukapumua. Kapteni akalitia gongo kwapani, akaanza kutoka.

"Sior Ambrozi, unakwenda wapi?" Zorzi alimfuata. "Mwamuzi kasema ubaki."

"Uligusa, Zorzi. Nimeusikia mkononi."

"Mkono wako hausemi. Kaa kimya na wewe."

Hakurudi. Nilitamani kumkaba. Aliyebaki alikuwa Papa Lavrentis, ambaye hajawahi kuugusa mpira kwa gongo maishani mwake. Alikunja kanzu, akaifunga kiunoni, akaja akinong'ona sala.

"Baba, tazama mpira tu," Kapteni alimwambia walipopishana.

"Mwanangu, nitafumba macho. Mungu atautazama."

Mrushaji akaja kwa kasi. Padri akazungusha gongo kama anayefukuza nyuki. Tukasikia *ta*, na mpira ukatambaa hadi chini ya viti vya mkahawa wa kando ya uwanja. Mkimbio mmoja. Askari wawili wakapiga magoti kuutafuta kati ya miguu ya wazee waliokaa pale, na wazee, Mungu awasamehe, hawakuinua mguu hata mmoja. Miwili. Kanzu ikafunguka, Zorzi akimpigia kelele, "Kimbia, Baba, shetani yuko nyuma yako." Mpira ukarushwa. Padri akajitupa kifudifudi, ndevu zikavuka mstari kabla ya vijiti kuanguka. Mitatu, tumeshinda.

Tulilia, wanaume wazima. Jioni ile Kapteni alikula kwa Zorzi, nyama ya mchuzi wa siki, huku Marieta akimjazia sahani bila kuulizwa. Baada ya juma moja kanali alimwita tena mezani kwake, akamkuta hana haja ya kurudi.

Kikosi kilipoondoka Korfu, yeye aliuza cheo chake, kama maafisa walivyoruhusiwa enzi hizo, akabaki. Alimwoa Marieta katika kanisa la Papa Lavrentis, akafungua ghala la mafuta ya zeituni, biashara isiyomtajirisha. Alifundisha kriketi mpaka magoti yalipokataa, kisha akawa mwamuzi, mkali kuliko wote. Alimtoa mwanawe wa kwanza uwanjani mara mbili katika mechi moja ya sikukuu, na nyumbani wakanuniana hadi Marieta alipowanyima wote chakula cha usiku.