Simu Iliyolazwa Kadutu

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, kule Kadutu, nikingoja yangu ishike chaji kidogo. Akaja mama mmoja muuza samaki. Alitoa simu yake kifuani, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

"Maman, hii imejaa," mwenye kibanda akamwambia alipoijaribu kwenye chaja.

"Najua, papa. Nimeizima. Iweke tu, nitairudilia Lundi."

Kuiacha mpaka Jumatatu! Nikamuuliza kama nyumbani kwake kuna wezi. Akatikisa kichwa, akagusa kifua.

"Hapana. Ni ma-groupe ya mu simu. Kila saa ma-audio: vita iko huku, watu wanakimbia kule. Roho inachoka. Hizi siku niko napika, nasali, nalala."

"Na kama vita inafika kweli?"

"Ile ya kweli, jirani atanigongea mulango."

Akachukua kikaratasi chake cha namba, akapanda kilima bila kugeuka nyuma hata mara moja. Nilibaki namtazama mpaka kitenge chake kikapotea juu. Mimi huyu naisalimia simu kabla ya mke wangu.

Basi nikaichomoa yangu, nikaizima, nikamkabidhi mwenye kibanda, nikaondoka kwa maringo. Nilifika kona ya kwanza tu, nikarudi, nikitafuta la kusingizia.

Nilimkuta ameshanyoosha mkono, simu yangu kiganjani.

"Wote wanarudiaka, papa," akasema taratibu. "Ni ule maman peke yake ndiye anafikaka Lundi bila simu."