Ukuta wa Mwalimu Elisante

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tumesimama uani kwa mwalimu wetu wa Kiingereza kule Temeke, tunatazama udongo ukimwangukia miguuni. Nimesikia umepangiwa kufundisha kidato cha kwanza, na mie nina hamu ya kujua utawaanzishia wapi watoto wa watu. Kabla hujanijibu, soma haya.

Wakati wa Mwingereza, mwaka wa kwanza wa sekondari uliitwa darasa la tisa. Wengi wetu tulikuwa tumepitia chuoni kwa maalimu kusoma Kurani, kuhifadhi tumezoea, basi hata ukurasa wa Kiingereza tuliumeza mzima na kuutoa mzima. Kuuelewa ni habari nyingine. Mwalimu Elisante, Mpare aliyekuwa ndiyo kwanza ateremke kutoka milimani kwao, alitusikiliza wiki nzima. Kisha akatuambia tuandike jinsi nyumba inavyojengwa. Darasa zima likajenga nyumba ya matofali yenye dohani ya kutolea moshi, ileile ya kitabuni. Akauliza ni nani kati yetu anakaa kwenye nyumba yenye dohani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Rafiki yangu Mwinyi ndiye aliyekuwa pabaya zaidi. Kusoma kwa sauti alitushinda wote, lakini kuandika la kwake mwenyewe hakuweza. Mkuu wa shule alikwisha mwonya kwamba insha zake zisipotengemaa kufikia mwisho wa muhula, atarudishwa nyumbani. Baba yake, fundi wa kukandika nyumba za udongo, alisema yeye hana neno, msaidizi anamhitaji. Mwinyi aliitaka shule kuliko chakula. Nilimwona akifuta macho njiani tukirudi, akasingizia vumbi, nami nikakubali kuwa ni vumbi.

Basi mwalimu akatujia na shida yake. Chumba alichopanga kilikuwa cha udongo, ukuta umepasuka, na milimani kwao hawajengi hivyo. Alitaka tumwandikie kwa Kiingereza namna ya kuuziba, achague karatasi moja, aifuate kama ilivyo. Fikiri, mwanangu: mwalimu anauliza jambo ambalo kweli halijui! Mie sikuwahi kuona. Mwinyi aliandika mpaka kengele ikalia, na karatasi iliyochaguliwa ikawa yake.

Jumamosi tukaenda. Tulipomaliza kumwamkia, mwalimu alikunja suruali, akabandika ile karatasi mlangoni, akaanza. Akakanda udongo kama ilivyoandikwa, akaupiga kwenye ufa kama ilivyoandikwa. Ukakaa kidogo, ukaachia, ukamwangukia miguuni. Akausoma tena ule mstari, akapiga tena, ukaanguka tena. Mwinyi uvumilivu ukamwisha.

"Mwalimu, lowesha ukuta kwanza. Ukuta mkavu haushiki udongo."

Mwalimu hata hakugeuka. "Mwandishi yuko kwao," alisema. "Hapa mimi nina karatasi tu."

Sisi tukacheka. Mwinyi aliikodolea macho karatasi yake, na nilitamani sana kujua anaona nini, maana uso wake ulibadilika. Baadaye aliniambia kuwa kulowesha ukuta amekuona tangu hajaanza kutembea, na haikumpitikia kwamba duniani kuna mtu asiyejua. Akaomba kalamu, akaketi kizingitini, akaandika upya. Safari hii kila mstari aliinua macho akamtazama mwalimu, kama anayempima: hili analijua? Na hili je? Mwalimu alipoifuata karatasi ya pili, udongo ulishika.

Habari zikamfikia baba yake Mwinyi. Alikuja mwenyewe, akaugongagonga ukuta kwa kidole, akauliza nani kaziba. Mwalimu akajibu kaziba yeye, kwa maandishi ya Mwinyi. Mzee yule akasema atatafuta msaidizi mwingine. Mwisho wa muhula Mwinyi hakurudishwa. Kiingereza chake hakikuwa cha kupendeza, ila ukikisoma ulielewa.

Kwa hiyo mwanangu, darasani kwako waulize watoto jambo usilolijua kweli, ulifanye kama walivyoandika, hata likikuangukia miguuni. Wakisoma, wafundishe kumtafuta mtu aliye nyuma ya maneno. Wakiandika, wafundishe kumwona yule ambaye hajui wanachokijua wao. Usiwakimbilie na majibu. Acha kwanza udongo uanguke.

Ningeweza kukuita nikakueleza haya kwa mdomo, lakini nimekuandikia kwa makusudi. Siku zangu zimekwenda, na iko siku utakuwa na karatasi tu, mwandishi kaenda kwao. Basi isome sasa, na pale nilipoacha ukuta mkavu, njoo uniulize ningalipo.

Mungu akupe wanafunzi wenye maswali mengi, akupe na subira ya kuwasoma. Amina.